Wati Mia Tano za Mzee Testa

Kwa miaka thelathini na minne ya kufunga umeme kwenye nyumba za watu, Mzee Testa hakuwahi kuamini kitu kilichoandikwa kwenye boksi. Ukimwambia taa hii ni ya wati kumi, atakuuliza nani kasema. Ukimwonyesha maandishi, atacheka kwa pua, atatoa kipimo chake mkobani, atabana waya, atasubiri namba itulie, kisha atakusomea wati saba na nusu kwa sauti ya askari aliyekamata mwizi. Pasi, majokofu, pampu za maji, vyote alivipima kwanza ndipo akavichagulia waya. Watu wa maboksi, alisema, hutia chumvi kwa sababu wanajua hakuna atakayewafuata kiwandani. Jina alilopewa na wazazi wake majirani walishalisahau. Walimwita kwa ile testa, bisibisi ndogo ya kupimia umeme, iliyokuwa daima mfukoni mwa shati lake, na yeye aliitika.

Mkwe wake, aliyemwoa kitinda mimba wake miaka miwili nyuma, alikuwa mfamasia wa zahanati, mpole, na mwenye adabu iliyopita kipimo. Hakukaa mzee akiwa amesimama. Hakumkatiza maneno hata mzee alipokuwa anasimulia kisa kile kile kwa mara ya nne. Kosa lake moja lilikuwa gemu la mbio za magari, ambalo alilicheza kwenye kompyuta kila Jumamosi mchana kama mtu aliyeajiriwa. Mzee alilivumilia. Mume anayeendesha gari la kwenye kioo sebuleni kwake, alimwambia mkewe, angalau unajua yuko wapi.

Basi mkwe alipata kwa rafiki yake kadi kubwa ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, akataka kuifunga badala ya ile ya zamani. Kadi kubwa inataka umeme mwingi, na pawa saplai yake, yaani kile kiboksi cha chuma ndani ya kompyuta kinachogawia vifaa vingine umeme, ilikuwa ndogo na imechoka. Angeweza kujinunulia nyingine kubwa yakaisha. Lakini kununua kitu cha umeme bila kumuuliza baba mkwe ambaye ni fundi umeme, hilo aliliona ni sawa na kumvuka mzee kichwani. Akaenda, akakaa kwenye ncha ya kiti, akasema, “Baba, naomba unichagulie pawa saplai.” Mzee Testa alijisikia mtu wa miaka arobaini.

Jumamosi alifika na mkoba wake. Aliamuru kompyuta iwashwe na gemu lifunguliwe, akabana waya. Kwenye kioo magari yalikuwa yamepangwa mstarini yakisubiri kuanza. Kipimo kikasoma wati mia na themanini. Kisha akaletewa boksi la ile kadi mpya. Lilisema kadi inakula wati mia tatu na ushei, na likashauri pawa saplai ya mia saba na hamsini.

“Mia saba na hamsini,” alisema. “Hii ni kompyuta au pasi?”

Akapiga hesabu zake. Kadi ikiandikwa mia tatu, ukweli wake ni kama mia mbili na kitu. Ukiondoa ya zamani, ukaongeza hii, ukaweka na prosesa na feni, hufiki mia nne. Akaongeza mia moja ili asije mtu kumwita bahili, akatangaza mia tano. Mkwe akaliangalia boksi, akamwangalia mzee, akaliangalia boksi tena. Akasema sawa, baba.

Dukani waliuziwa na dada mmoja aliyekuwa akitafuna kalamu. Alipotajiwa aina ya kadi, bila kuulizwa la pili akaweka mezani pawa saplai ya mia saba na hamsini. Mzee akataka ya mia tano. Dada akamwambia itamzimikia katikati ya gemu. Mzee akamuuliza, kwa upole kabisa, kama amewahi kuipima. Hakuwahi. Mzee akanyoosha mkono apewe ya mia tano. Mkwe alikuwa nyuma yake, na ghafla alikuwa amevutiwa sana na rafu ya spika.

Aliifunga mwenyewe jioni ile ile. Nyaya alizilaza kwa mafungu na kuzibana kwa vibanio vidogo, mikia akaikata yote kwa urefu mmoja, kama anavyofanya kwenye bodi za umeme za maofisi. Kompyuta ikawaka, magari yakang'aa kuliko magari ya kweli, na mzee akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Siku ya tatu binti yake alimpigia kumjulia hali. Baada ya shikamoo, habari za mama, habari za mgongo na habari za paka, alisema kwamba kompyuta inajizima kidogo, labda ni joto. Mzee akamuuliza kidogo ni kiasi gani. Binti akasema si sana, ni kila wakicheza.

Alikwenda. Mkwe akakaa kwenye usukani wake wa plastiki, mzee akabana waya na kukodolea kipimo. Mzunguko wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, wa tatu kioo kikawa cheusi na feni zikanyamaza. Namba ya mwisho aliyoiona ilikuwa mia nne na thelathini. Mia tano toa mia nne na thelathini inabaki sabini, na sabini si haba. Wakajaribu tena, ikazima ikiwa mia tatu na tisini. Wakajaribu ya tatu, ikapanda hadi mia nne na arobaini na kuendelea dakika kumi bila wasiwasi, kisha ikazima gari likiwa limesimama tu. Kitu kinachokufa kwa mia tatu na tisini na kupona kwa mia nne na arobaini hakikuwemo katika umeme wowote alioujua yeye. Haikumwingia akilini hata kidogo.

Alifungua soketi ya ukutani akaikaza. Alipima erthi. Alileta ekstensheni yake mwenyewe kutoka nyumbani. Alilihamishia jokofu kwenye laini nyingine, akalirudisha, akalihamisha tena. Kila alichokigusa kilikuwa kizima, na kompyuta iliendelea kuzima. Na kila ilipozima, wenye nyumba walikuwa na sababu mpya mkononi. Mkwe alisema labda gemu lenyewe lina kasoro. Binti alisema labda vumbi. Mkwe alikumbuka kwamba hali ya hewa siku hizi haieleweki. Mwishowe mzee akamuuliza mkwe wake waziwazi, anaonaje, ile pawa saplai inatosha?

“Baba, wewe ndiye fundi,” alisema mkwe, macho yake yakiwa sakafuni.

Ni jibu la adabu, huwezi kulilaumu. Lakini mzee alitoka pale amechanganyikiwa kuliko alivyoingia, na njiani likamjia wazo ambalo hakulikaribisha.

Alikuwa na kaka yake, marehemu sasa, seremala ambaye mbao zilimtii. Kaka huyo alianza kwa mlango mmoja tu, alioupima mara mbili na kuukata mfupi. Watu wakacheka. Kisha akasahau misumari, kisha njia ya kwenda kazini, kisha majina ya wanawe. Na nyumba nzima ikajifunza namna ya kuongea naye, kwa sauti laini ya polepole, kumkubalia kila kitu. Ndiyo kaka, leo ni Ijumaa. Ndiyo kaka, mama yuko jikoni. Mama alikuwa kaburini miaka ishirini. Mzee Testa mwenyewe alikuwa hodari wa sauti ile kuliko wote.

Tangu siku hiyo akaanza kujipeleleza. Aliacha plaisi juu ya ngazi ya mteja, jambo ambalo huko nyuma lilikuwa plaisi tu iliyoachwa juu ya ngazi, lakini sasa likawa ushahidi. Alikwama kwenye jina la fundi bomba aliyefanya naye kazi miaka minane. Aliingia chumbani, akasimama, asijue amefuata nini, akatoka na soksi ili asionekane ametoka mikono mitupu. Mambo haya yanampata kila mtu, lakini ukishaanza kuyahesabu hayaishi.

Na ilikuwepo sababu ya kuyahesabu. Mhandisi mmoja alikuwa amempa kazi ya kufunga umeme kwenye wodi mpya ya wazazi, kazi kubwa kuliko zote alizowahi kushika, na alitaka jibu Jumatatu ya wiki iliyofuata. Kule si mahali pa kubahatisha. Taa ikizimika mama yuko katikati ya kujifungua, huwezi kumwambia ni hali ya hewa. Mzee alijiuliza swali moja asubuhi na jioni: mtu asiyejua kwa nini kompyuta ya gemu inazima, wodi anaitaka ya nini?

Jumamosi akarudi kwa binti yake akiwa amepiga moyo konde, tayari kukaa hata siku nzima. Hakukuwa na haja. Kompyuta iliwaka, magari yakakimbia, saa nzima ikapita. Kipimo kilisema mia nne na thelathini, mia nne na arobaini, namba zile zile za siku ile, lakini haikuzima. Mkwe alikuwa anatabasamu mno.

“Umeipatia, baba,” alisema. “Mchawi alikuwa ile soketi.”

Mzee hakuridhika. Soketi aliikaza siku ile, na baada ya kuikaza kompyuta ilizima mara nne mbele ya macho yake. Akangoja wenzake waende kuandaa chai, akazima kompyuta, akafungua kava ya pembeni na kuchungulia. Nyaya zilikuwa zimelazwa kwa mafungu na kubanwa kama alivyozibana yeye. Karibu kama alivyozibana yeye. Na ubavuni mwa pawa saplai, kwa herufi nyeupe, paliandikwa mia saba na hamsini.

Alivua miwani akaifuta kwa shati. Akaivaa. Bado ni mia saba na hamsini. Alijaribu kuiona tena ile siku ya dukani, dada na kalamu yake, mkono wake mwenyewe ukinyooshwa, na boksi likiwa na tano kubwa na masifuri mawili. Aliiona vizuri. Lakini hata kaka yake alikuwa anamwona mama jikoni, vizuri kabisa.

Wenye nyumba wakarudi na sinia. Mzee akawauliza, bila kugeuka, kama hii ndiyo pawa saplai aliyoinunua yeye.

Binti yake alimtazama mumewe. “Ndiyo, baba,” alisema.

“Ndiyo ile ile, baba,” akadakia mkwe.

“Ya mia saba na hamsini?”

“Ndiyo, baba.”

Walilitamka kwa sauti laini, ya polepole, yenye upendo tele. Mzee Testa aliijua sauti ile, kwa kuwa ilikuwa yake. Akarudisha kava, akakaza skrubu zote, akanywa chai ambayo hakuisikia ladha, akaaga. Mlangoni alihakikisha mara mbili kwamba mkoba anao.

Duka la vifaa vya kompyuta lilikuwa njiani. Angeingia, angemuuliza yule dada, lingeisha. Alivuka barabara akapita upande wa pili. Tuseme ukweli, aliogopa. Dada akisema mia tano, hilo ni neno moja. Lakini akisema, mzee, si ulichukua ya mia saba na hamsini, tena ukanishukuru, je? Afadhali kutojua mpaka kesho. Kesho yake, Jumapili asubuhi, bado alikuwa hajui, na usingizi hakuupata vilevile.

Alimwambia mkewe, aliyekuwa anachambua mchele. Alimwomba, siku akianza mambo ya kaka yake, asimwitikie tu, amwambie. Mkewe akasema haoni tofauti, maana tangu amwoe hajawahi kuambiwa kitu akasikia. Siku nyingine yoyote wangecheka wote. Mzee aliinuka, akauchukua mkoba, na mkewe akabaki ameshika ungo akimwangalia.

Kwa mkwe aliufungua mkoba mezani akatoa vitu kimoja kimoja: kipimo cha kubana, plaisi mbili, seti ya bisibisi, tepu, testa ya mfukoni. Akasema ni vya mkwe sasa, avitunze, asiviazime ovyo. Kesho atamwambia mhandisi wa wodi atafute fundi mwingine. Mkwe aliyekuwa amesimama akashika ukingo wa meza, akauliza kwa nini.

“Kichwa changu kimeanza kuvuja,” alisema Mzee Testa. “Najiona kabisa nanunua ya mia tano. Nafungua ndani nakuta mia saba na hamsini, na ninyi mnasema ndiyo ile ile. Ninyi hamna sababu ya kunidanganya. Basi aliyeharibika ni mimi.”

Binti yake aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Mkwe alikaa, akasimama, akakaa tena, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele ya mzee aliyesimama. Kwa mara ya kwanza tangu aoe, alimtazama baba mkwe wake machoni.

“Baba,” alisema, “ulikosea.”

Mzee akamtegea sikio. Kisha akasema, “Rudia.”

“Ulikosea. Ulinunua ya mia tano na haikutosha. Nilijua tangu tukiwa dukani kwamba haitatosha. Jumatano nilirudi peke yangu nikanunua kubwa, nikaifunga kwa siri, nikaiga vibanio vyako. Ile yako iko chini ya kitanda. Nilishindwa kukwambia. Nisamehe, baba.”

Binti alikimbilia chumbani akatoka na kitu kilichoviringishwa kwenye taulo. Mzee akalifungua taulo. Mia tano. Alikishika kile kiboksi kifuani kama mtu aliyerudishiwa mtoto aliyepotea sokoni, na machozi yakamtoka mbele ya mkwe wake, wala hakuyaficha. Alikuwa amekosea. Alikosea kama mtu mzima mwenye akili zake, mbishi, asiyesikia la mwuza duka, na hakuwahi kusikia habari nzuri kuliko hiyo.

Kisha hasira zikampanda, kama ilivyo haki yake. Akawauliza ni adabu gani hiyo ya kumwacha mtu ajizike wiki nzima akiwa hai. Akamwambia binti yake kwamba yeye hana hata kisingizio cha ukwe. Walipokwisha kuinamisha vichwa vya kutosha, akakaa na kutaka kuelezwa, kwa nini mia nne na thelathini imeishinda mia tano.

Mkwe alieleza kwa kuogopa mwanzoni, kisha akazoea. Kadi hizi kubwa hazivuti umeme kwa utulivu. Kila picha inapokuwa nzito hushtuka, na kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho huvuta karibu maradufu, kisha hurudi. Kipimo husubiri namba itulie, kwa hiyo hakiuoni mshtuko. Pawa saplai inauona, na ndogo ikizidiwa hujizima ili isiungue. Ndiyo maana boksi linasema mia saba na hamsini.

“Kama pampu ya maji inapowaka,” mzee alisema.

“Ndiyo, baba. Ila pampu hushtuka mara moja. Hii inashtuka muda wote.”

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Pampu alizijua. Hakuna pampu aliyowahi kuifungia waya bila kuifikiria dakika yake ya kwanza, na hapa alikuwa amepima magari yakiwa yamesimama. Kosa lenyewe lilikuwa na mwanzo na mwisho, unaweza kulishika mkononi na kuligeuza. Alivirudisha vyombo vyake mkobani, kimoja kimoja. Alipofika kwenye kipimo akasita.

“Kuna lingine nililokosea?” aliuliza. “Kwenye nyumba hii.”

Mume na mke walitazamana. Mzee akajua jibu kabla halijaja.

“Lipo, baba,” alisema mkwe. “Soketi ya jikoni uliyotufungia. Inatoa cheche. Maji ya chai tunachemshia chumbani.”

“Tangu lini?”

“Tangu ulipotufungia. Mwaka na miezi miwili.”

Mzee aliinuka. Alizima umeme kwenye meni swichi, akaenda jikoni, akaifungua soketi. Waya mmoja haukuwa umekazwa, na kichwa chake kilikuwa kimeungua cheusi. Ni mkono wake ulioufanya hivyo, siku ambayo huenda alikuwa na haraka, au alikuwa anasimulia kile kisa chake. Akaukata, akauchuna upya na kuukaza, na binti yake akammulikia kwa simu, akimwambia, kwa sauti yake ya kawaida, kwamba bado umekaa upande.

Jumatatu asubuhi alimpigia mhandisi, akaikubali kazi ya wodi kwa sharti moja. Kila chumba akishakimaliza, aje mtu mwingine kukikagua kabla umeme haujawashwa, na mtu huyo asiwe anamheshimu sana.